Lebo si ushahidi: kilichomo ndani ya chupa ya dawa hujulikana maabara
Na Mwandishi Wetu, Ngaramtoni

MWENYE duka la pembejeo hapa Ngaramtoni anaweza kukukopesha mbegu hadi mavuno, na anaweza kukuchagulia dawa ya ukungu kwa kutazama jani moja ulilolileta mfukoni. Lakini kuna jambo moja asiloliweza. Hawezi kukuhakikishia, kwa macho yake, kilichomo ndani ya chupa anayokuuzia. Yeye kainunua kwa muuzaji wa jumla, muuzaji wa jumla kainunua kwa mwagizaji, na wote watatu wamesoma maandishi yale yale yaliyobandikwa nje.

Biashara nzima ya dawa, iwe ya mimea, ya mifugo au ya binadamu, inaendeshwa kwa kuiamini lebo. Siku lebo inapoongopa, anayeshikwa kwanza si yule aliyeichapa, bali ni yule mwenye rafu. Kwa sababu hiyo, wiki hii ukurasa huu unaziweka kando bei za gunia na debe na kuangalia namna maabara inavyotambua kitu kisichojulikana ndani ya sampuli ya dawa, na maana yake kwa mtaji wa mfanyabiashara mdogo.

Soko na maabara ni majirani

Ngaramtoni iko kilomita chache nje ya Jiji la Arusha, kando ya barabara kuu iendayo Namanga. Siku ya soko, viazi, karoti, kabichi, maharage na nyanya kutoka miteremko ya Mlima Meru hushushwa hapa, na fedha ile ile ya mazao hugeuka kuwa mbegu, mbolea na dawa kabla jua halijazama. Kwa hiyo muuza pembejeo wa hapa anauza kwa mtu ambaye atarudi wiki ijayo, ama kumshukuru au kumlaumu.

Mji huu mdogo ndio pia makao makuu ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), chombo kinachosajili dawa za mimea, kutoa vibali kwa wauzaji na kupima sampuli. Wenyeji wengi bado wanapaita TPRI, na wana sababu. Chombo hicho kilianzia Entebbe, Uganda, mwaka 1945 kama kituo cha wakoloni cha kutafiti dawa za kuua wadudu, kikahamishiwa Arusha, na mwaka 1962 kikapewa jina la TPRI. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kilibaki Tanzania, na sheria ya mwaka 1979 ikakifanya taasisi ya taifa. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ndiyo iliyoiunda TPHPA na kuikabidhi kazi hizo pamoja na za afya ya mimea.

Katika miaka hiyo yote biashara yenyewe imebadilika. Kabla ya mageuzi ya uchumi, pembejeo nyingi zilimfikia mkulima kupitia vyama vya ushirika na vyombo vikubwa kama Tanganyika Farmers Association (TFA), iliyoanzishwa mwaka 1935 na yenye makao yake Arusha. Milango vichache, mikono michache. Soko huria lilileta dawa hadi kijijini, jambo ambalo hakuna mkulima atakayelilalamikia, lakini liliongeza pia mikono ambayo chupa hupitia kabla ya kufika shambani. Kila mkono unaoongezeka ni nafasi nyingine ya chupa kubadilishwa, kupunguzwa au kuachwa juani.

"Dawa haiui"

Mfano ulio karibu ni kantangaze, yule mdudu wa nyanya ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta. Aliripotiwa nchini mwaka 2014, hapa hapa mkoani Arusha, Wilaya ya Arumeru. Funza wake hujificha ndani ya jani na ndani ya tunda, ambako dawa ya kugusa haimfikii kwa urahisi. Wakulima walipoona shamba linaungua kama lililopitiwa na moto, walikimbilia madukani. Walinunua dawa moja, wakarudi kununua ya pili, wakazichanganya. Wengi wakarudi na neno moja tu, kwamba dawa haiui.

Neno hilo linaweza kuwa na maana tatu tofauti. Ya kwanza, dawa ni bandia au pungufu. Ya pili, dawa ni halali na imejaa, lakini mdudu amekuwa sugu. Kantangaze anajulikana duniani kwa usugu dhidi ya dawa nyingi za jamii ya pairethroidi. Ya tatu, dawa ni nzuri na mdudu si sugu, ila imepimwa kwa kizibo badala ya kipimo chake, au imepuliziwa jua la saa saba mchana, au imechanganywa na nyingine isiyopatana nayo ndani ya bomba moja.

Ukisimama shambani, mambo hayo matatu yanafanana kabisa. Lakini kwa mfanyabiashara ni maamuzi matatu yasiyofanana. Ikiwa dawa ni pungufu, anapaswa kusimamisha mauzo, kutoa taarifa na kumdai aliyemuuzia. Ikiwa mdudu ni sugu, oda ijayo inapaswa kuwa ya dawa ya kundi jingine, na akiba ya zamani inamfaa mkulima wa zao jingine. Ikiwa tatizo ni matumizi, hakuna sababu ya kubadili chochote isipokuwa maelezo anayoyatoa kaunta. Anayebahatisha kati ya hayo matatu anacheza kamari na mtaji wake. Maabara ndiyo inayolitoa hilo la kwanza katika ubishi.

Sampuli inavyopita maabara

Kazi huanza kabla ya mashine yoyote kuwashwa. Sampuli hupokewa ikiwa imefungwa na kuandikwa ilikotoka, nani aliichukua, lini, na toleo namba ngapi. Kisha wataalamu huangalia kile ambacho hata muuza duka anaweza kukiangalia, yaani namba ya usajili, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda, lakiri, tahajia ya lebo, rangi, harufu na mashapo chini ya chupa. Chupa nyingi za bandia huanguka hapa hapa. Anayeghushi mara nyingi huwa makini na picha ya mbele ya lebo, akawa mzembe kwenye herufi ndogo za nyuma.

Hatua ya pili ni tabia ya dawa ndani ya maji. Dawa ya mafuta ya kuchanganya na maji humiminwa mililita 5 kwenye silinda ya mililita 100, hugeuzwa juu chini, kisha huachwa na kuangaliwa baada ya nusu saa, saa mbili na kuendelea. Iliyotengenezwa sawasawa hubaki nyeupe kama maziwa. Iliyochakachuliwa mara nyingi hujitenga, mafuta yakapanda juu au utelezi ukakaa chini. Dawa ya unga nayo hupimwa kama inaelea vizuri majini na kama inapita kwenye chekeche laini bila kuziba. Hayo si mambo madogo, kwani unga usiopita kwenye chekeche utaziba pua ya bomba la mkulima, na atakayelaumiwa ni mwenye duka.

Hata hivyo, tabia nzuri majini haithibitishi kwamba kiambato hai, yaani kile kinachoua mdudu au ukungu wenyewe, kimo. Hapo ndipo inapoanza kazi ya kutenganisha, ambayo wanakemia huiita kromatografia.

Msomaji anaweza kuielewa kwa kufikiria daladala zinazoondoka Ngaramtoni kwa wakati mmoja kuelekea mjini. Barabara ni moja, lakini ile inayosimama kila kituo itachelewa, na ile inayopitiliza itawahi. Ukikaa mwisho wa safari na saa mkononi, utazijua kwa muda wa kufika bila hata kusoma ubavuni zimeandikwa nini. Ndani ya mashine, barabara ni mrija mwembamba uliopakwa au kujazwa kitu ambacho kila molekuli hukishikilia kwa kiasi chake. Dawa zinazoweza kugeuka mvuke bila kuharibika husukumwa na gesi. Zile zinazoungua zikipashwa moto husukumwa na kimiminika. Kila molekuli hutoka kwa dakika yake, nayo mashine huchora kilima kwenye karatasi. Dakika ya kilima huashiria jina, na ukubwa wa kilima huonyesha kiasi.

Ipo pia njia nyepesi zaidi. Tone la dawa iliyoyeyushwa huwekwa kwenye bamba dogo lililopakwa silika, na bamba husimamishwa kwenye kimiminika kinachopanda taratibu kama mafuta ya taa kwenye utambi. Viambato hupanda navyo, kila kimoja na urefu wake, na huonekana kama madoa chini ya taa maalumu. Njia hii ndiyo moyo wa sanduku liitwalo Minilab, lililobuniwa Ujerumani, ambalo Tanzania imelitumia kwa dawa za binadamu hata kwenye vituo vya mipakani. Haina usahihi wa mashine kubwa, lakini hugundua haraka dawa isiyo na kitu kabisa au iliyopungua sana.

Katika njia zote hizo, sampuli hulinganishwa na sampuli rejea, yaani kiambato kile kile kikiwa safi na usafi wake ukijulikana. Bila sampuli rejea, kilima ni kilima tu.

Kiasi gani kinaruhusiwa?

Hapa wafanyabiashara wengi hudhani kwamba dawa lazima ilingane na lebo hadi gramu ya mwisho. Sivyo. Vipimo vya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) huruhusu tofauti ndogo. Dawa ya wadudu iliyoandikwa kuwa na gramu 50 za kiambato kwa lita inaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 10, yaani kuwa kati ya gramu 45 na 55. Dawa ya ukungu ya unga iliyoandikwa gramu 800 kwa kilo, kama mankozebu ya asilimia 80, inaruhusiwa tofauti ya gramu 25 tu kila upande, yaani kuanzia 775 hadi 825.

Kwa hiyo jibu la maabara lina ngazi zake. Gramu 46 katika dawa ya 50 ni halali. Gramu 30 ni pungufu, na ni lazima iulizwe kama ilitoka kiwandani hivyo au iliharibikia stoo kwa joto. Sifuri ni utapeli mtupu. Mwenye duka anayeijua tofauti hiyo huongea na muuzaji wake wa jumla kwa hoja, si kwa hasira.

Maabara hujibu swali inaloulizwa

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo mwandishi wa safu hii anaona ndilo kubwa kuliko yote. Kuna maswali mawili ambayo yanafanana masikioni lakini si sawa. Swali la kwanza ni: "Je, kilichoandikwa kimo?" Swali la pili ni: "Humu ndani mna nini?" La kwanza ni kama kuingia kwenye umati wa soko na kuuliza kama Juma yupo. La pili ni kutaka orodha ya watu wote waliopo, pamoja na wale ambao hukutarajia kuwakuta.

Swali la kwanza ni rahisi na nafuu, maana unahitaji sampuli rejea moja. La pili ndilo la kutambua kisichojulikana. Huhitaji mashine ambayo, baada ya kuvitenganisha viambato, huvunja kila molekuli vipande na kuvipima uzito. Ni kama kuvunja chungu na kupima vigae vyake. Kila aina ya chungu huvunjika kwa namna yake, na kompyuta hulinganisha vigae hivyo na maktaba ya maelfu ya vitu vinavyojulikana. Ndipo jina hujitokeza, na hata hapo mtaalamu makini hulithibitisha kwa sampuli rejea kabla ya kutia saini.

Tofauti ya maswali hayo mawili imeua watu. Oktoba 2022, WHO ilitoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za watoto zilizopatikana Gambia, zilizohusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60. Ndani yake mlikuwa na diethilini glaikoli na ethilini glaikoli, vimiminika vya viwandani vinavyoharibu figo. Sumu hiyo ni tamu, haina rangi, na inafanana na gliserini au propilini glaikoli halali inayotumika kuyeyushia dawa, ila ni ya bei ndogo. Anayepima dawa ya namna hiyo kwa swali la kwanza peke yake anaweza kuikuta parasetamoli imo kamili, akaipitisha. Sumu haikuandikwa kwenye lebo, hivyo asiyeulizia haioni.

Maabara husafisha jina pia. Aprili 2024, mamlaka za Nigeria zilitangaza kuwa zimekuta diethilini glaikoli katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto ya Benylin, na nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, zikachukua hatua ya kuiondoa sokoni. Kampuni yenye chapa hiyo, Kenvue, ilisema vipimo vyake yenyewe havikuikuta sumu hiyo. Kwa mwenye duka, somo ni kwamba pande zote mbili zilizungumza kwa toleo na kwa kipimo. Aliyekuwa na daftari la matoleo alijua ndani ya dakika chache kama lipo kwenye rafu yake. Asiyekuwa nalo aliondoa mzigo wote, au hakuondoa chochote.

Kwa upande wa dawa za mimea, mwaka 2016 Jimbo la Oregon nchini Marekani lilizuia kuuzwa kwa dawa ya wadudu iitwayo Guardian, iliyonadiwa kuwa ni ya asili, baada ya maabara kukuta ndani yake abamektini, kiuatilifu ambacho lebo haikukitaja. Wakulima waliisifu dawa hiyo kwamba inaua vizuri. Bila shaka iliua vizuri! Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini dawa ya "mitishamba" inayoua kwa kasi ya ajabu nayo inastahili swali la pili.

Kopo lililobeba jina la Arusha

Wawekezaji wa mkoa huu hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 2012 wakaguzi wa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) walikuta katika Hospitali ya Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, makopo ya TT-VIR 30, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, yenye toleo lililotiliwa shaka. Lebo ilibeba jina la kiwanda cha Tanzania Pharmaceutical Industries (TPI) cha Arusha. Baada ya uchunguzi dawa hiyo ilitangazwa kuwa bandia, na Oktoba mwaka huo Waziri wa Afya wa wakati ule, Dk. Hussein Mwinyi, alitangaza hatua za kuiondoa. Viongozi wa Bohari ya Dawa walisimamishwa kazi na uzalishaji wa kiwanda ukasimamishwa.

Masuala ya nani alifanya nini ni ya vyombo vya sheria, si ya ukurasa wa masoko. Linalotuhusu ni ukubwa wa hasara ikilinganishwa na udogo wa kilichoianzisha. Toleo moja la vidonge lilitosha kuitikisa bohari ya taifa na kukifunga kiwanda chenye mitambo, wafanyakazi na mikopo. Wagonjwa walioyameza makopo hayo kwa imani walibeba hasara isiyoandikika katika hesabu yoyote.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2009, Metakelfin, dawa ya malaria, iligunduliwa katika maduka ya dawa 40 nchini ikiwa na kiambato hai kisichotosha. Tafakari idadi hiyo, msomaji. Ni vigumu kuamini kwamba wenye maduka arobaini walikubaliana kuuza dawa mbovu. Lililo rahisi kuamini ni kwamba kila mmoja alimwamini aliyemtangulia.

Hesabu ya mwenye duka

Tuchukue mfano wa hesabu, kwa tarakimu za kurahisisha. Duka linanunua chupa 240 za dawa ya wadudu kwa Sh. 15,000 kila moja, yaani Sh. 3,600,000. Faida kwa chupa ni Sh. 2,000, hivyo mzigo wote ukiisha duka linapata Sh. 480,000. Sasa toleo lote likikamatwa kuwa bandia, mwenye duka amepoteza Sh. 3,600,000. Ili kuirudisha fedha hiyo kwa faida ile ile ya Sh. 2,000, anahitaji kuuza chupa halali 1,800. Hiyo ni mizigo saba na nusu ya ukubwa ule ule, akifanya kazi bila kupata senti ya kula.

Sasa fikiria mlanguzi amekuja na dawa hiyo hiyo kwa Sh. 13,500. Unafuu wa Sh. 1,500 kwa chupa 240 ni Sh. 360,000. Ndiyo faida yote ya ziada anayoipata mwenye duka kwa kununua bila risiti. Anaweka rehani mtaji wa zaidi ya Sh. milioni tatu, na jina lake katika soko la kijiji, kwa Sh. 360,000. Hapo hatujaongeza faini wala kibali kufutwa. Rahisi huwa ghali, na hapa ughali wake una tarakimu.

Mkulima wa mboga za kuuza nje ana hesabu kali zaidi. Umoja wa Ulaya umeweka kiwango cha jumla cha miligramu 0.01 kwa kilo kwa mabaki ya kiuatilifu ambacho hakikupangiwa kiwango chake. Kloripirifosi, iliyowahi kuwa dawa ya kawaida, ilikosa kuhuishwa kibali huko mwaka 2020, na mabaki yake yakashushwa hadi kiwango hicho cha chini. Mkulima wa Arumeru anaweza kupulizia dawa iliyoruhusiwa, akaandika daftari lake sawasawa, na bado shehena yake ya maharage mabichi ikakataliwa kwa sababu chupa ilikuwa na kiuatilifu kingine ambacho lebo haikukitaja. Kilichofichwa ndani ya chupa Ngaramtoni hujitokeza kwenye mashine ya Ulaya, na ankara hurudi kwa mkulima.

Mlango upi wa kubisha?

Kiswahili kimetupa neno moja, dawa, kwa vitu ambavyo serikali imevigawa katika ofisi tofauti. Dawa za mimea ni za TPHPA hapa Ngaramtoni. Dawa za binadamu na za mifugo ni za Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), mrithi wa TFDA tangu mwaka 2019, ambayo maabara yake ilitambuliwa na WHO mwaka 2011 kuwa yenye ubora wa kimataifa na ambayo ina ofisi ya kanda jijini Arusha. Dawa za kulevya, sumu na kemikali nyingine huchunguzwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo pia ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Ukibisha mlango usio wako, hutafukuzwa, lakini utapoteza siku.

Kwa ufupi, ukurasa huu unawashauri wenye maduka na wawekezaji wadogo mambo yafuatayo:

Kwanza, nunua kwa aliyesajiliwa, dai risiti, na andika namba ya toleo la kila katoni siku inapoingia, pamoja na jina la aliyekuuzia.

Pili, ukitilia shaka dawa, tenga toleo lote, acha kuliuza na toa taarifa. Peleka chupa ambayo haijafunguliwa, ikiwa na lakiri yake. Chupa iliyorudishwa na mkulima ikiwa nusu ni ya kusikiliza malalamiko, si ya kushinda kesi, kwani hakuna ajuaye ilipitia wapi.

Tatu, usihamishie sampuli kwenye chupa ya maji wala kuiweka juani. Joto likiivunja dawa, maabara itakuta upungufu ambao umeutengeneza wewe.

Nne, eleza swali lako. Sema kama unataka kujua iwapo kilichoandikwa kimo, au unataka kujua kila kilichomo. Gharama na muda vitatofautiana, na jibu pia.

Tano, weka chupa moja ya kila toleo kubwa bila kuifungua hadi mkulima avune. Gharama yake ni chupa moja. Siku ya ubishi ndiyo shahidi wako pekee asiyesahau.

Mwenye duka hahitaji kuwa mkemia, kama vile mwenye lori hahitaji kuwa mhandisi wa mizani. Anachohitaji ni kujua kwamba mizani ipo, iko umbali gani, na kufika nayo akiwa na karatasi zake mkononi. Maabara inaweza kusema kilichomo ndani ya chupa. Haiwezi kusema chupa hiyo ilitoka kwa nani. Hilo la pili liko kwenye daftari la mwenye duka, na wahenga walishalimaliza zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.